Maji Moto kwa Ajili ya Sijida

Miaka miwili mama aliswali kwenye kiti, na miaka miwili hakunipa raha. Magoti yalikuwa yamegoma kukunjika. Kila akimaliza kuswali pale sebuleni kwangu Kimara, utamsikia: "Nataka niweke paji la uso chini kabla sijafa." Daktari alimwambia kiti kinatosha. Shehe naye akamwambia kinatosha. Mama akasema wao hawana magoti yake.

Basi shoga yake wa Kunduchi akamtia maneno ya chemchemi za maji moto za Amboni, kule Tanga. Nikawaka. "Mama, maji ya moto si hata jikoni yapo!" Akaendelea kukunja khanga zake. Mie najijua, napigaga kelele weee, halafu nafanya nilichoambiwa. Nikakata tiketi za basi.

Siku tatu mfululizo tulidamka kwenda pale. Maji yananuka mayai viza, yanateremka juu ya mawe yaliyokaa kama vibaraza, kimoja chini ya kingine. Siku ya kwanza mama aliishia kibaraza cha juu, mie namkanda magoti huku nimebana pua. Siku ya pili akashuka cha pili. Ya tatu akafika cha tatu, ameuma meno, machozi yanamtoka, na mkono wangu kausukuma. Nilimwogopa, nikampenda mno.

Kabla ya kurudi Dar akataka tupitie magofu ya Tongoni. Kuna makaburi ya kale na msikiti wa mawe usio na paa. Alitawadha kwa maji ya chupa, akatandika mkeka ndani ya kuta zile. Nikamsogezea kiti cha plastiki nilichokibeba tangu nyumbani. Akakisukumia mbali kwa mguu.

Ilipofika sijida alishuka kidogokidogo, mkono, goti, goti la pili, mpaka paji likagusa chini. Alikaa hivyo muda mrefu. Akataka kuinuka kwa rakaa ya pili, akashindwa. Akajaribu tena, wapi! Rakaa ile akaiswali amekaa hapohapo chini.

Alipotoa salamu tu nikamkimbilia, mie na dada anayekatisha tiketi za magofu, tukamshika makwapani. Nilikuwa nalia. "Pole mama. Kuinuka ndiyo imeshindikana."

"Kuinuka mtaniinua nyie," akasema, vumbi limemjaa usoni. "Kushuka nimeshuka mwenyewe."