Injini Iliyonusurika Kuwa Nanga

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa debe la mafuta ya taa, mswaki mkuukuu na onyo. Mjomba Shaweji, Fundi Mkuu wa karakana ya uani kwetu Kilindoni, alininyooshea kidole cheusi mpaka ukucha. "Mwanaidi, ukipoteza nati moja nakufunga wewe mahali pake." Nilikuwa Kidato cha Pili, niko likizo. Wadogo zangu mnaodhani injini huzaliwa imefungwa tayari, msikilizeni mkongwe.

Ilikuwa injini ya gari la mashindano, viti viwili, kabureta mbili. Meneja wa shamba la minazi aliliacha gari hilo wakati shamba lilipofanywa mali ya umma. Mjomba alilihudumia gari lile miaka yote bila kuruhusiwa kuliendesha hata mpaka getini. Alipoachiwa, injini ilikuwa imekufa. Akaifungua nati kwa nati, akatandaza vyuma juu ya majamvi mpaka mama akakosa pa kuanikia mpunga.

Ndipo Mwenyekiti wa kijiji alipoingia. Akalipiga teke bloku, yaani kiwiliwili cha injini, akaridhika na uzito wake.

"Shaweji, mashua ya kijiji haina nanga."

"Hii ni injini, Mwenyekiti."

"Sijaisikia ikinguruma. Ijumaa baada ya swala nakuja. Ikinguruma, injini. Ikinyamaza, nanga ya ujamaa."

Kuanzia hapo kazi ikawa kazi. Nilitoka Idara ya Kuosha nikapandishwa Idara ya Ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni ili moto usivuje. Mjomba alizipanga kila moja pengo lake likiangalia upande wake, kama wake wenza. Wakati wa kukaza bolti alifumba macho, akauachia mkono usikilize. Mimi ni mtu wa kucheka kila kitu, lakini hapo nilimshikia taa kwa mikono miwili.

Cheo changu cha juu kilikuwa Mkaguzi wa Matundu. Ndani ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, mna vitundu vya kupitishia oili. Vikiziba, injini inakauka na kujinyonga yenyewe. Alhamisi asubuhi, kabla ya kuifunga injini, nikachukua pampu ya baiskeli nivipulizie. Hewa haikutoka. Si hiki, si kile. Nikanusa.

"Mjomba, injini inanuka papa."

Mjomba akainama, akanusa, uso ukamwiva. Kwenye baraza, Babu Hamadi, baba yake, fundi kalafati wa kisiwa cha Jibondo, mziba nyufa za majahazi aliyekuja kututembelea, akakohoa kwa fahari.

"Nimeziba yote mlipokwenda sokoni. Pamba na sifa safi, mafuta yenyewe ya papa. Niliona matundu matupu nikasema mwanangu atazama huyu!"

"Baba! Hayo ni ya kupitishia oili!"

"Chombo gani kina matundu ya makusudi?"

"Pua yako, Babu," nikasema.

Mjomba alinipa kofi la mgongo. Babu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwacheni mke wangu, kasema kweli."

Tulichokonoa pamba ile kwa sindano ya kushonea tanga mpaka alasiri. Ilikataa kutoka kama imezaliwa humo. Mjomba alikuwa akilaani, halafu ghafla akaacha. Nyuma ya krenki mna mfereji wa kamba ya kuzuia oili isivuje. Kamba ya zamani ilikuwa imeoza, na mpya haikupatikana hata Dar es Salaam.

"Baba," akasema polepole, "chembeu unayo?"

Chembeu ni patasi butu ya kukalafatia. Babu hakusafiri bila hiyo. Akasokota pamba, akailoweka kwenye sifa, akaipigilia mferejini, tok, tok, tok, kama anaziba mbao za jahazi. Fundi Mkuu ndiye aliyemshikia taa.

Ijumaa Mwenyekiti alifika na vijana na kamba nene ya nanga. Injini ilikuwa imeshaingia garini kwa kapi za Babu za kunyanyulia mizigo, lakini betri ilikuwa na nguvu ya kuwashia plagi tu.

"Mwenyekiti, tuazime kamba tulivute," Mjomba akaomba.

"Ya nanga?"

"Ya injini."

Mjomba akashika usukani, vijana wakavuta kama wanapandisha mashua pwani, Mwenyekiti mbele akiwaongoza. Gari likapiga chafya, likatema moshi, likanguruma. Vijana wakaachia na kutawanyika. Mwenyekiti peke yake hakuachia kamba ya umma, kwa hiyo aliyekuja kuchukua nanga akakimbizwa nayo mpaka msikitini. Gari liliposimama, Babu alipapasa chini ya injini, akatuonyesha kiganja. Kikavu.

Sasa niko Kidato cha Tatu, mstaafu. Pensheni sikupewa, nimebaki na weusi kwenye kucha. Injini ikipata moto hunuka papa, paka wa Kilindoni wote huifuata. Lakini katika utumishi wangu sina cha kujivunia kama jioni ile nilipokaa kiti cha pili, tukafika geti la shamba. Mjomba alikanyaga breki kwa mazoea, akaweka mkono mlangoni ashuke. Kisha akanitazama, akaurudisha mkono kwenye usukani, akapita.