Maiki ya Chuma Niliyoisingizia Kufa

Mpaka leo nikiikumbuka harufu ile mate hunijaa mdomoni, na si mate ya hamu. Ilikuwa harufu ya ugoro, pombe na meno mabovu, vyote vimekaukia ndani ya wavu wa kichwa cha maiki.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, mwimbaji wa bendi ndogo ya Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Kuimba nilijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza redio, na niliishi na hofu kwamba ipo siku mtu atagundua sijui kitu. Hofu hiyo nikaigeuza ukali. Uzi wa gitaa ukilegea kidogo tu, wote watanisikia.

Maiki yetu ilikufa wiki ileile ambayo mwenye ukumbi mmoja wa Maganzo alitupa Jumamosi moja ya majaribio, dansi la mchana. Tukimridhisha, Jumamosi zote zingekuwa zetu. Tukishindwa, kiongozi wetu alisema wazi, bendi inavunjika na kila mtu arudi kwao akalime pamba. Tuliweza kununua maiki moja tu, ya bei nafuu. Kiongozi akanituma mimi.

"Wewe ndiye unayelalamika kuliko wote," alisema. "Kachague, tupumzike na kelele zako."

Duka nililoendea lilikuwa Maganzo kwenyewe, likitazamana na ukumbi. Mwenyewe alikuwa mama wa Kiislamu, wazazi wake watu wa Pwani, anauza redio na vyombo vilivyotumika.

"Shikamoo mama. Natafuta maiki."

"Marahaba baba. Maiki ninazo mbili."

Ya kwanza ilikuwa ya chuma, nzito, imebonyea ubavuni, mali ya bendi ya ukumbi uleule, iliyokwisha kuvunjika. Haikuhitaji betri. "Hii mpaka uibane mdomoni," alisema. "Ukiiweka mbali haisikii. Lakini ngoma zikipigwa nyuma yako, haina habari nazo." Ya pili ilikuwa mpya, ya plastiki, nyepesi, inatumia betri moja ndogo.

Alifunga mlango tukaijaribu ile mpya kwenye amplifaya ya dukani. Nilisikia pumzi zangu, nikasikia hata ulimi ukigusa meno. Nikafurahi kupata chombo chenye masikio kama yangu. Kisha nikainua ile ya chuma. Kwenye wavu palikuwa na utando wa kahawia, na katika utando umenasa unywele mmoja mfupi wa sharubu.

Maganzo kulikuwa na desturi. Mchimbaji aliyepata jiwe la almasi hupanda jukwaani katikati ya wimbo, akachukua maiki, akajitangaza yeye na wenzake wa shimo moja. Huwezi kumnyima. Maana yake midomo ya mashimo yote ilikuwa mle ndani.

"Mama, hii huwa inaoshwa?"

"Kwani wewe umekuja kutafuta maiki au mchumba?"

Sikuijaribu. Nilichukua ya plastiki, na kiongozi nikamwambia ile ya chuma imekufa, haitoi hata mkwaruzo.

Jumamosi ilipofika, maiki yangu ilisikia kila kitu. Ilisikia ngoma, jenereta, chupa za bia, na sauti yake yenyewe ikitoka kwenye spika, mpaka ikaanza kupiga mluzi. Nikisogea huku, inalia. Nikisogea kule, inazidi.

"Birika limechemka hilo, epueni," mtu akapaza sauti, na ukumbi mzima ukacheka.

Mwenye ukumbi akatusimamisha. "Mkirudi na filimbi hiyo, fungasheni."

Kiongozi akavuka barabara, mimi nyuma yake. Mama akachomeka ile ya chuma. Kiongozi akaisogeza mdomoni, "moja, mbili," na sauti yake ikajaa duka. Akanigeukia.

"Hii ndiyo iliyokufa?"

"Inanuka," nikasema.

"Tumekuja kunusa sisi?"

Yeye na mama wakabadilishana maiki papo hapo. Jukwaani niliimba midomo ikigusa wavu, chuma cha baridi, chenye chumvi. Sauti yangu ikatoka peke yake, safi, ngoma zimebaki nyuma. Katika wimbo wa pili akapanda mchimbaji, povu la pombe kwenye sharubu.

"Wabeja sana," akanguruma, akishukuru kwa Kisukuma, akataja shimo lake, akataja wenzake mmoja mmoja, kisha akanirudishia maiki imelowa.

Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta leso. Kiongozi akatikisa kichwa. Mchimbaji alikuwa bado amesimama mbele yangu, wenzake wanatazama, na mwenye ukumbi yuko mlangoni. Kuifuta ingekuwa kumtukana. Nikaiweka mdomoni hivyohivyo, nikaimba.

Jumamosi zote tukapewa. Wenzangu walipongezana mlangoni. Mimi nilikuwa nyuma ya ukumbi, nimeshika ukuta, natapika. Kiongozi alinisubiri nimalize, kisha akaniambia wimbo wa pili niliuanza juu mno. Habari ya ule uongo hakuigusa tena, na mimi sikuwahi kumwomba radhi.