Herufi Moja Isiyotoka Upande Wowote

Dada yangu ni fundi cherehani. Binti yake wa miaka kumi na mmoja tunamwita Bosi: hasemi neno, ila akinyoosha kidole nyumba nzima inakimbia. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, kisha kifafa kikaingia. Tangu hapo mama yetu anasema ugonjwa umetoka kwa wakwe, na mama mkwe anasema umetoka kwetu. Hawaivi chungu kimoja.

Vipimo vya kwanza havikuonyesha kitu. Mwaka huu hospitali ikachukua damu upya, ya Bosi na ya wazazi wake. Siku ya majibu tulikwenda na Bosi na baba yake, na mabibi wote wawili wakajileta, wamevaa nguo za harusi, kila mmoja ana hakika ya ushindi. Mimi nilibeba mkoba wa dada na siri yake: ana mimba ya miezi mitatu, na hajamwambia hata mumewe.

"Nikisikia ni mimi ninayewapa watoto ugonjwa," aliniambia mlangoni, "nitamtazama vipi Baba Bosi?"

Daktari alikuwa mdada mchangamfu, na Bosi alishamnyang'anya kalamu.

"Zamani tulisoma jeni zinazotengeneza protini tu," akasema. "Ni kama sehemu mbili katika mia ya maandishi yote ya urithi. Kosa la Bosi liko kule tulikokuwa tunaruka. Kuna jeni fupi, haitengenezi protini yoyote. Inatoa RNA inayosaidia kukata na kuunga ujumbe wa jeni nyingine. Kwa Bosi imezidi herufi moja."

"Kumbe mlikuwa mnakagua nguo, mkasi hamuutazami!" dada akasema. "Jamani, mkasi hauvaliwi, lakini ukiharibika kuna nguo hapo?"

Daktari akacheka mpaka akavua miwani.

"Imetoka upande gani?" mabibi wakauliza kwa pamoja.

"Hakuna upande. Mama hana, baba hana. Imejitokeza kwa Bosi mwenyewe."

Nakuapia, sijawahi kuona watu waliosafishwa jina wakanywea vile. Mama mkwe aliuliza kama maabara haiwezi kurudia. Mama yangu, kwa mara ya kwanza maishani, alimuunga mkono.

"Na akizaliwa mwingine?" dada akauliza.

"Kujirudia ni nadra sana, chini ya mmoja kwa mia. Na sasa tunajua pa kuangalia. Dawa ya kuondoa kosa lenyewe bado hatuna, sitakudanganya. Kifafa tutaendelea kukidhibiti."

"Baba Bosi," dada akamgeukia mumewe, "nina miezi mitatu."

Shemeji alisimama, akakaa, akasimama tena. Akampa mkono daktari, akanipa mimi, akampa mama yake mzazi kama ndio kwanza wanajuana. Mabibi wakapiga vigelegele hadi nesi akaja kutunyamazisha, naye alipoambiwa akapiga chake.

Nje kwenye korido dada alicheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akajifuta macho.

"Unajua, kila nikimwogesha Bosi nilikuwa namwomba radhi kimoyomoyo," akaniambia. "Miaka kumi na mmoja. Leo nitamwogesha tu."