Kristiana na Mbavu za Matairi Mapya

Kristiana aliyajua matairi kwa ndani kabla hajayajua kwa nje. Alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi kama wenzake wote wa kijiji kile cha ujamaa, upande wa Mwazye, lakini jembe likishapumzika alikaa kizingitini kwake na tairi lililokwisha, kisu kikali na maji ya kulainishia, akakata makatambuga. Nusu ya miguu ya kijiji ilitembea juu ya kazi yake. Kucheka kwake kulikuwa kwa mwili mzima, na kila kicheko kilipomjia aliweka kisu chini kwanza, maana alishawahi kujikata mara mbili kwa ajili ya mzaha.

Ijumaa moja ya mwaka sabini na sita, zikiwa zimebaki siku tano tu Sabasaba iingie, lori la ushirika lilisimama barabarani, na juu ya magunia akaonekana Ambwene, dereva wa kijiji, amekumbatia tairi jipya kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

"Matano!" alipiga kelele. "Jamani, matano!"

Landrova ya kijiji ilikuwa imekaa juu ya mawe tangu mwezi wa kumi na moja. Matairi yalikuwa hayapatikani, si Sumbawanga, si Mbeya kwao Ambwene. Yeye hakukata tamaa. Kila Jumamosi aliiosha ile gari, akaifuta vioo, akakaa kwenye usukani akanguruma kwa mdomo. Sasa wanawake wa ngoma walikuwa wamealikwa kucheza mjini Sabasaba, na Kristiana alikuwa mmoja wao. Walishakubaliana kwenda kwa miguu, siku mbili njiani, na kulala kwa watu. Kwa hiyo matairi yaliposhushwa, Cornelia, kiongozi wa ngoma, alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia.

Matairi yakavishwa kwenye ringi, yakajazwa upepo, manne yakafungwa. Landrova ikashuka kutoka kwenye mawe, polepole, watu wakishangilia. Hapo ndipo Mwenyekiti Ignasi akainama, akatazama, akanyoosha mkono kunyamazisha watu.

"Ambwene, hizi mbavu zina nini?"

Watu wakasogea. Kweli, matairi yale hayakufanana na yale waliyozoea. Ubavuni kila moja lilikuwa na mabonyeo mawili matatu, marefu, yaliyoanzia kwenye ringi yakapanda mpaka karibu na meno, kana kwamba mtu alipitisha kidole wakati mpira ungali mbichi. Tena chini, pale lilipokanyaga ardhi, kila tairi lilikuwa limetokeza tumbo, kama halikushiba upepo.

"Nimejaza sawasawa," alisema Ambwene. Akaweka kipimo, kikasoma vizuri. Akakiweka tena kwenye tairi lingine. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mjini waliniambia ni ya mtindo mpya."

"Mtindo mpya wa kukonda mbavu?" Ignasi alitikisa kichwa. Hakuwa mkorofi. Ujanani alikuwa kwenye lori lililopasukiwa tairi kwenye mteremko wa kuingia bonde la Rukwa, na tangu siku ile hakupenda kubahatisha na gari. "Mimi sipandishi mama wa mtu humo. Yatarudi Sumbawanga na lori hilo hilo Jumatatu."

Cornelia alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mtu akasema bora miguu, miguu haina bonyeo. Hakuna aliyecheka.

"Baba Mwenyekiti," alisema Kristiana, "niruhusu niyashike."

"Utayakata makatambuga?" mmoja alidakia, na safari hii kicheko kikatoka. Kristiana mwenyewe alicheka kuliko wote, lakini alishapiga magoti. Alifumba macho, akapitisha kiganja ubavuni taratibu, juu, chini, akizunguka. Akatumbukiza kidole gumba kwenye bonyeo. Akahamia la pili, la tatu, la nne, mwisho lile la tano la spea. Kisha akainuka, akaenda nyumbani mbio, akarudi na kipande cha tairi alilokuwa amelipasua mwaka jana, lililotupwa na watu wa Misheni.

"Hili nalo lilikuwa na bonyeo kama haya, nikalikata katikati yake nione kuna nini. Tazama, baba. Hizi nyuzi hazipishani kama za matairi yetu ya zamani. Zimelala upande mmoja, kutoka ringi hadi ringi, ndiyo maana ubavu ni mlaini na tumbo linatokeza. Na hapa kwenye bonyeo, unaona? Kitambaa kimepanda juu ya kitambaa, kimeungwa. Ukishona shati, penye pindo panavutika?"

"Hapavutiki," alisema Cornelia akisimama.

"Basi. Upepo ukiingia, pengine pote panavimba kidogo, penye maungio panakataa. Bonyeo linaingia ndani kwa sababu pale pana nguvu zaidi. Misheni walilitembelea mpaka likaisha meno, ubavu hauna hata ufa."

Ignasi alikishika kile kipande, akakivuta, akakipindua, akakinusa pia.

"Kwa hiyo yote mazima?"

"Manne mazima. Lile la spea hapana."

"Dada Kristiana!" Ambwene aliruka. "Lile ndilo zuri kuliko yote! Halina hata bonyeo moja!"

"Lina uvimbe. Shika hapa."

Wakashika mmoja mmoja. Ulikuwa mdogo, kama punje ya njugu chini ya ngozi. Ignasi akaona ni afya tu: hili limenona. Kristiana akang'ang'ania. Kinachoingia ndani ni pindo, kinachotoka nje ni nyuzi zilizokatika. Hatimaye wakakubaliana lijaribiwe.

Walilitumbukiza kwenye tanuri la matofali lililobomoka, wakaunga mpira wa pampu kwa kipande kingine upite tundu la ukuta, na watu wote wakajificha nyuma ya ghala. Ambwene na Cornelia wakakanyaga pampu kwa zamu. Ignasi alijificha nyuma ya kisuguu cha mbali, akichungulia na kutangaza.

"Kama yai!"

Wakakanyaga.

"Kama andazi! Endeleeni... kama boga! Mama yangu, kama—"

Lilipasuka kwa mshindo uliosikika mpaka kijiji cha pili. Vumbi jekundu likapanda juu, kuku wakatawanyika, na Mwenyekiti akaonekana akikimbia kuelekea mtoni bila kofia wala kiatu kimoja. Alipogundua kwamba yu mzima alisimama, akajitazama, akaanza kucheka, na hapo kijiji kizima kikaanguka. Watu walishikana mabega. Cornelia alilia machozi. Ambwene alijaribu kusema "kama boga" akashindwa, akajaribu tena, akajilaza chini.

Jumamosi Ambwene aliizungusha Landrova na magunia ya mchanga, akaenda na kurudi mara sita, Kristiana akipapasa mbavu kila akirudi. Jumanne alfajiri walipakia tairi kuukuu lenye viraka kuwa spea, wakajibana kumi na mmoja nyuma na ngoma zao, masweta mpaka shingoni kwa ile baridi ya mwezi wa saba.

"Kristiana atakaa mbele," alisema Ignasi, naye akapanda nyuma kati ya wanawake.

Kristiana hakuwahi kukaa mbele ya gari maishani mwake. Uwanda ulikuja mbio kumlaki, nyasi za dhahabu, moshi wa jikoni za watu, ng'ombe waliogeuza vichwa. Kila walipofika kwenye mteremko Ignasi aligonga bati, Landrova ikasimama, akashuka mwenyewe kupapasa matairi kwa macho yaliyofumbwa, na wanawake wakamwimbia mpaka akapanda tena. Mara ya nne hapakuwa na mteremko wowote.

Kristiana alisogeza kioo, akatoa mkono nje, upepo wa baridi ukaujaza mkono wa gauni lake.

"Dada, rudisha mkono ndani," alisema Ambwene.

Hakumsikia. Alikuwa anacheka.