Mwalimu Niliyemharakisha

Naona aibu kuwasimulia haya, lakini kwa vile nusu ya Karurumo imeshayasikia, afadhali nyinyi myapate kwangu mwenyewe.

Nilikuwa nataka kazi ya kupima maziwa pale deiri yetu, na meneja alikuwa ametangaza kwamba hakuna kuitwa intavyuu Ijumaa kama hujamaliza ile kozi ya mtandaoni. Masomo tisa yalikuwa yamerekodiwa, unasikiliza kwa wakati wako, halafu la mwisho mnakutana na mwalimu laivu saa kumi jioni. Sasa mimi, mtu wa haraka, nikagundua kuna kitufe cha kumfanya mwalimu aongee mara mbili ya kasi yake, nikakibonyeza somo la kwanza na sikukigusa tena. Yote tisa niliyamaliza kwa siku mbili huku nikipalilia maharagwe (na nilijiona mjanja sana, msinicheke).

Saa kumi ndiyo saa ya kukamua. Ningemwomba mzee wangu akamue siku hiyo moja tu, lakini nikaona haina haja, nikatundika simu kwenye nguzo ya zizi, nikakaa chini ya ng'ombe wangu Kanini, darasa likaanza.

"Haaamjambo... waaanafunzi..."

Yaani yule mwalimu wangu mchangamfu alikuwa anavuta maneno hadi nikashangaa kweli. Ni mgonjwa? Ni network? Nikainuka na vidole vyangu vya maziwa nikitafuta kile kitufe cha kasi, nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, wapi, nikarudi kukaa na kumwambia Kanini, kwa sauti ya kawaida tu ya mtu na ng'ombe wake: "Mwalimu leo amelewa. Maneno yanadondoka moja moja kama maziwa yako."

Halafu simu ikajibu.

"Mama mwenye ng'ombe, sijalewa. Mimi huongea hivi. Na maiki yako iko on, hata kamera."

Darasa zima likaangua kicheko. Ningezima simu pale pale mambo yangeishia hapo, lakini kulikuwa na jambo lililonisumbua wiki mbili nzima: maziwa yangu yalikuwa yanakataliwa deiri kila asubuhi, wakiyachanganya na ile spiriti ya kupimia yanaganda, na mimi nayakamua safi kabisa. Ile rekodi nilikuwa nimeiuliza mara nyingi (naam, kwa sauti, nayo ikaendelea kuongea). Leo kulikuwa na mtu wa kujibu. Nikauliza.

"Geuza simu kidogo tuone hiyo tumbo," mwalimu akasema. "Iko na mimba ya miezi ngapi?"

"Minane, mwalimu."

"Na bado unakamua?"

Akaeleza, polepole, kwamba ng'ombe akikaribia kuzaa maziwa yake hubadilika na yanaweza kuganda kwenye spiriti hata yakiwa safi, kwamba Kanini alifaa kukaushwa, yaani kuachwa bila kukamuliwa, mimba ilipofika miezi saba, na kwamba hayo yote yako somo la tatu. Hapo ikaingia sauti nyingine, ya mtu aliyekuwa akisikiliza darasa tangu mwanzo, naijua vizuri.

"Mama Mukami, ni mimi, meneja wa deiri. Wewe ndio unataka kutupimia maziwa? Ijumaa kaa tu nyumbani, upumzishe hiyo ng'ombe."

Niliumia, siwafichi. Ile kazi niliitaka.

Kanini alipozaa na dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, ikaisha, nikapeleka mtungi wangu deiri, nikamkuta mpimaji mpya, Wawira, msichana wa mtaa wa Dallas huko Embu mjini (sidhani amewahi kushika chuchu ya ng'ombe). Akapima, yakapita, kisha akanishika mkono.

"Asante sana, mama. Nilikuwa kwa ile darasa. Ijumaa waliniuliza swali moja tu: mbona maziwa fresh inaganda kwa spiriti?"

Nikamwambia karibu, nikabeba mtungi wangu nikaondoka. Kuuliza sitaacha, lakini nimeapa, kabla sijafungua mdomo tena nitaangalia kwanza ni nani mwingine anasikiliza.