Kwaresma bila nyama Kinyerezi: mume alitangaza yeye, mpishi mie

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Ninachoandika kimetokea nyumbani kwangu, Kinyerezi, na mhusika mkuu muda huu yupo sebuleni anaangalia mpira, hajui kama namwandika. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, sijaongeza chumvi. Mwenye kubisha abishe.

Mume wangu tumwite Baba Neema. Mtu wa Rombo huyo. Wanaowajua watu wa kule wanaelewa: kwake nyama siyo mboga, ni ndugu wa damu.

Mwaka wa kisa hiki ndiyo kwanza kachaguliwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo ndogo, na cheo bado kilikuwa kinamuwasha.

Kwenye kikao cha mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu, Mama Koku, bibi mmoja wa Bukoba ambaye ndiye mlezi wetu, akasema kila familia ichague kitu cha kujinyima. Mmoja akasema soda. Mwingine akasema tamthilia.

Baba Neema akasimama, akakohoa, akavuta shati.

"Nyumba yangu haitagusa nyama Kwaresma yote. Siyo Ijumaa tu. Yote."

Makofi hayo! Mama Koku mpaka akapiga kigelegele.

Mie nimekaa pale kwenye mkeka, mpishi wa hiyo nyumba, taarifa naisikia pamoja na jumuiya nzima.

Nikapiga plani.

Na wakuu, naomba niseme, plani yangu ilikuwa nzuri. Jumatatu wali na maharage. Jumanne ugali na kisamvu cha karanga, kile kilichotwangwa kikalainika. Jumatano makande. Alhamisi ugali, bamia na nyanya chungu. Ijumaa vitu vyepesi, mihogo ya kuchemsha na chai. Mwisho wa wiki samaki, napanda mpaka Kunduchi kuwafuata wale wanaotoka majini muda huohuo, siyo hawa wa kulala kwenye barafu.

Ishu ikawa ni mwenyekiti mwenyewe.

Siku za mwanzo tu akaanza kesi.

"Mama Neema, hivi kuku ni nyama?"

"Kwani ni mchicha?"

"Nauliza tu. Maana kuku ni ndege."

Kesho yake akaja na nyingine, kwamba kuna mtu kazini kamwambia Jumapili haihesabiki kwenye Kwaresma. Nikamwambia sawa, tumuulize Mama Koku kama haihesabiki. Akasema hamna haja ya kumsumbua bibi wa watu.

Akawa anafunua sufuria, anakoroga na mwiko, anatafuta, anafunika. Anaondoka kama mtu aliyetoka kuangalia maiti.

Halafu ghafla akabadilika.

Baba Neema akawa na furaha. Anakuta makande mezani, anasema, "Aisee, haya makande leo umeyatendea haki." Anakula vijiko vichache, anafuta mdomo, eti kashiba. Mwanaume wa Rombo kashiba makande! Nikajua hapa kuna mchezo.

Sasa ngoja niwape picha. Jirani zetu tuliopakana nao ukuta ni Mzee Mwinyi na mkewe Bi Mwanahawa. Wazaramo, watu wa mji huu toka enzi, Waislamu safi. Mzee alikuwaga fundi cherehani, sasa kapumzika. Mwaka huo Ramadhani na Kwaresma ziliingia kwa pamoja, kwa hiyo huku wanafunga, huku tunafunga.

Na Baba Neema kila jioni alikuwa anaoga, anavaa kanzu yake ya kulalia, anasema, "Naenda kumsalimia mzee."

Mie nikaona ni ujirani mwema. Mjinga kweli mie.

Siku moja naanika nguo, Bi Mwanahawa akaniita ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nilikuwa nataka kukuuliza, hawa watoto wanakula wapi?"

"Wanakula nyumbani, bibi. Kwani vipi?"

Akanitazama kwa huruma. "Maana mumeo katuambia mwezi huu umefunga, hupiki. Ndiyo maana mzee kamwambia awe anakuja kufuturu. Jana mchuzi wa mbuzi kaula mpaka sahani ikawa haina haja ya kuoshwa."

Wakuu. Mie. Sipiki.

Kula nyama ningesamehe, huo ni udhaifu wa mwili. Lakini kunitangaza kwa majirani kwamba jiko langu limelala, na kisamvu nimetwanga kwa mikono hii, hapana. Hiyo ilinichoma.

Nikamsimulia Bi Mwanahawa kila kitu, kuanzia makofi ya jumuiya. Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta machozi, akasema, "Mwanangu, mume wa hivyo hagombezwi. Anapikiwa."

Kuanzia siku ile mie na Bi Mwanahawa tukawa jiko moja. Mchana nahamia kwake na kibao cha mbuzi, nakuna nazi. Akanifundisha mbaazi za nazi zinazokolea tui zito juu, magimbi, kunde, mchicha wa nazi usiokuwa na maji. Jioni chakula kimoja kinaingia nyumba mbili.

Baba Neema akaoga, akaenda kumsalimia mzee. Akakuta mbaazi.

Akarudi nyumbani haraka. Akakuta mbaazi.

Siku iliyofuata akaenda, akakuta kunde. Akarudi, kunde. Nilikuwa namwangalia anavyotafuna, nabana kicheko tumboni mpaka mbavu zinauma.

Akaacha kwenda kusalimia.

Tatizo ni kwamba tulimsahau mzee wa watu. Mzee Mwinyi hakuwa na kosa lolote, na kitoweo chake kimepotea katikati ya mwezi mtukufu. Jioni moja nikamsikia upande wa pili anafoka: "Mwanahawa! Mie nimefunga Ramadhani. Hii Kwaresma imeniingiaje?"

Tulicheka, tukaona yataisha. Kumbe mzee kaenda buchani mwenyewe, na kupika kapika mwenyewe.

Siku hiyohiyo jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Watu wamejaa uani, mikeka imetandikwa, mwenyekiti kavaa shati jeupe, anaongoza tafakari. Na mada, nawaapia, ilikuwa kujinyima. Anaongea kwa uchungu, mkono kifuani: "Ndugu zangu, sisi hapa nyumbani mwili umeshazoea. Hata harufu ya nyama hatuisikii tena."

Adhana ikaita. Tukanyamaza kidogo kwa heshima.

Ilipoisha tu, sauti ya mzee ikaruka ukuta:

"Baba Neema! We Baba Neema! Njoo, leo wanawake hawatuwezi! Mbuzi huyu hapa!"

Vichwa vyote uani vikamgeukia mwenyekiti.

Mama Koku akafunga kitabu chake cha sala taratibu. "Mwenyekiti, unaitwa."

"Ananiita..." jasho limeshatoka, "ananiita nikamwombee, mama. Hajisikii vizuri."

"Ana sauti nzuri kwa mgonjwa."

Mie hapo ningeweza kumwokoa. Kidogo tu, neno moja. Nikaangalia mawinguni.

Mzee alipoona haitikiwi, akaja mwenyewe. Hodi, geti likafunguka, anaingia na bakuli kubwa limefunikwa kawa. Akakuta watu wamejaa kwenye mikeka, rozari mikononi. Akasimama. Akamwangalia Baba Neema, akatuangalia sie, akaelewa kila kitu kwa mpigo. Mtu wa pwani ni muungwana, hawezi kumwangusha rafiki.

"Samahanini sana," akasema. "Nilikuwa nawaletea mbaazi."

Mama Koku akanyanyuka, akaenda, akafunua kawa. Harufu ya iliki, kitunguu saumu na mbuzi ikatembea uani mpaka kwenye mkeka wa mwisho.

Bibi akachungulia vizuri. "Mbaazi za huku zina mbavu?"

Wakuu, sala iliishia hapo. Kuna baba mmoja alianguka pembeni kwa kucheka. Bi Mwanahawa kachungulia getini kuona kulikoni, naye akakaa chini.

Baba Neema aliinamisha kichwa. Nilidhani atakasirika. Ila alipoinua uso nikaona naye mabega yanatikisika. "Mama Koku," akasema, "nimeshindwa. Nilitangaza kwa sababu ya makofi. Na mke wangu nimemsingizia hapiki, wakati anapika kila siku."

Hapo moyo wangu ukalainika. Wa Mama Koku bado.

"Uliyetangaza ni wewe," akasema, "basi na upike wewe. Mpaka Pasaka."

Jumuiya nzima: "Amina!"

Na akapika kweli. Maharage ya siku ya kwanza yaliungua, binti yetu Neema akauliza kama baba kayawekea mkaa. Ugali wake ulikuwa unaweza kujengea. Lakini aliendelea, akawa anaita ukutani, "Bibi, tui zito linatangulia au linamalizia?" Ikafika mahali mchicha wake mie namwongezea sahani bila kuombwa.

Idd ikatukuta bado tuko Kwaresma. Tukaalikwa. Katikati sinia la pilau, nyama imepandana juu kama kichuguu. Pembeni Bi Mwanahawa katuwekea chetu: wali wa nazi na samaki wa kupaka.

Mzee Mwinyi akachukua ubavu, akautafuna polepole mbele ya mwenzie. "Baba Neema, hii inaachia mfupa yenyewe."

"Nashukuru mzee, nimeshiba."

"Laini."

"Mzee, nakuomba."

Tulicheka sana. Hakugusa hata punje ya lile pilau.

Tunaaga, mzee akamshika mkono, akampa kontena la nyama limefungwa vizuri. "Weka kwenye friza, mtafungulia Pasaka."

Baba Neema akalipokea, akalitazama kwa muda, akaligeuzia kwangu.

"Mama Neema, shika wewe. Na ufunguo wa friza ukae kwako. Mie sijiamini."

Nilichojifunza: kabla hujamtolea Mungu ahadi ya jikoni, kaa na anayepika. Na chakula bila nyama hakishindikani ukiwa na nazi, muda, na jirani mzuri.

Haya, nyie kwenu Kwaresma mnapika nini? Na nani anafunua sufuria za watu? Semeni ukweli, mwenyekiti wangu hayupo humu.