Uji Uliolegea

Enzi zetu pale Bonga, uji wa shule ulikuwa mzito hata kijiko kikasimama chenyewe. Tulikaa chini na vikombe vya bati, tukaupuliza huku vumbi la barabara ya Dodoma likitua juu yake, tukanywa hivyo hivyo. Watoto wa sasa wangekimbizwa hospitali.

Mpishi alikuwa Mama Fausta, na Fausta mwenyewe nilikaa naye dawati moja. Mtundu wa ajabu. Aliwahi kutafuna kiporo cha ugali mpaka akasema kimekuwa kitamu, kisha akatulazimisha wote tutafune tuhakikishe.

Siku moja uji wa sufuria zima ulikutwa mwepesi kama maji. Mwalimu mkuu akaamini mama ameiba unga, akamwambia afungashe vitu vyake. Mama akavua aproni. Ndipo Fausta akasimama mbele ya shule nzima, akasema ni yeye. Uji ulipoipuliwa na kukaa kidogo alitia konzi ya kimea, yaani unga wa mtama ulioota, ambao mama yake alipikia pombe nyumbani. Alitaka tu kuona utakuwaje.

Mwalimu mkuu, mlokole asiyejua habari za pombe, hakusadiki. Uji mwingine ukapikwa, Fausta akatia kimea ukiwa bado unachemka. Haukubadilika hata kidogo. Watu wakaanza kucheka, na mama yake akainamisha kichwa. Fausta akautazama ule mvuke kwa muda mrefu.

"Mwalimu, moto umekiua," akasema. "Naomba upoe mpaka kidole kivumilie, nijaribu tena."

Tukangoja. Alipotia na kukoroga, uji ule ukalegea mbele ya macho yetu, ukamiminika kutoka kwenye upawa kama maziwa. Nywele zilinisimama, na nikisimulia leo zinasimama tena. Mama Fausta akavaa aproni yake.

Leo Fausta ni mtaalamu mkubwa wa vimeng'enya, wa kwanza kutoka kwetu, na amezeekea maabara akichunguza vitu hivyo visivyoonekana vinavyolegeza wanga. Wajukuu zangu nikiwasimulia, wanalitafuta neno vimeng'enya kwenye simu, jibu linakuja kabla sijamaliza, wanarudi kwenye video zao. Wanajua mengi kuliko sisi, sikatai. Ila nawaonea huruma. Hawajawahi kukaa kimya, shule nzima, kungoja uji upoe ili mama wa mwenzao asifukuzwe.